Lita tatu si kilo tatu: kisa cha keki za asali mjini Moshi

Kisa hiki kilitokea Moshi, katika jiko dogo la kuoka lililo nyuma ya nyumba, eneo la Majengo. Kinahusu oda ya keki 24 za asali zilizoharibika mara mbili, kwa namna mbili zinazopingana, kwa sababu moja. Mara ya kwanza asali ilipungua kwa robo, na mara ya pili ikazidi kwa nusu. Mwenye jiko ni mama niliyemfundisha kuoka miaka kadhaa iliyopita, na katika kosa la pili nina sehemu yangu, kama nitakavyoeleza. Ameniruhusu kuandika kwa sharti kwamba nisimtaje yeye wala nyumba ya wageni iliyoweka oda, nyumba inayopokea wapanda mlima na kuwafungia keki za kubeba njiani.

Resipe aliyoitumia imeandikwa Marekani na inapima karibu kila kitu kwa kikombe. Mkupuo mmoja hutoa keki mbili ndefu, na huhitaji unga vikombe vitatu, asali kikombe kimoja, sukari nusu kikombe, mayai matatu, mafuta nusu kikombe na chai ya rangi iliyokolea nusu kikombe, pamoja na viungo, beking pauda na baikaboneti kidogo. Kwa miaka miwili aliioka nyumbani kwa kikombe hicho hicho, na haikumsumbua hata siku moja. Ilipofika oda ya keki 24, yaani mikupuo 12, aliamua kuachana na vikombe na kupima kwa mizani, na uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kuchota vikombe 36 vya unga bila kupotea hesabu. Unga aliuhesabu kwa gramu 120 kwa kikombe akapata kilo 4.32. Sukari aliihesabu kwa gramu 200 kwa kikombe akapata kilo 1.2. Tarakimu zote mbili ni za kawaida na zimo katika majedwali mengi ya upishi ya Kimarekani.

Asali alihesabu kwa njia nyingine. Jagi lake la plastiki lina mstari unaosema kikombe ni mililita 250, na vikombe 12 vya mililita 250 ni lita tatu. Akaenda sokoni Mbuyuni, akakuta asali inapimwa kwa kilo, akanunua kilo tatu. Hakuona kwamba amevuka mpaka wowote kati ya lita na kilo.

Keki zilitoka zikiwa zimeumuka vizuri, ila rangi yake ilikuwa hafifu kuliko kawaida, na yeye alidhani oveni haikupata moto wa kutosha. Siku mbili baadaye nyumba ya wageni ilimpigia simu. Keki zilikuwa kavu, zilimomonyoka ndani ya mifuko ya wapanda mlima, na ladha ya asali ilikuwa ya mbali sana. Hawakumgombeza, walimwomba tu azirudie.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu kosa hili hulifanya watu wengi wenye akili timamu na uzoefu wa kutosha. Sisi sote tumelelewa na maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, ukiacha gramu mbili hivi katika joto la kawaida la chumba, na kwa kuwa maji ndicho kimiminika tunachokibeba kila siku, mkono wetu umezoea kwamba lita na kilo ni ndugu pacha. Dumu la lita 20 la maji ni kilo 20 kichwani, hilo halihitaji mizani. Ila maji ni kimiminika kimoja tu. Mafuta ya kula ni mepesi kuliko maji, lita moja haifiki kilo, huwa karibu gramu 920. Asali ni nzito kuliko maji kwa kiasi kikubwa: lita moja ya asali iliyoiva vizuri ina uzito wa karibu kilo 1.42, na dumu la lita 20 lililojaa asali lina kilo 28 na zaidi, jambo ambalo kila kibarua aliyewahi kulishusha garini analijua kwa mgongo wake.

Kinachonishangaza ni kwamba katika vitu vikavu hatukosei. Mama yeyote anayeuza nafaka Kiborloni anajua kwamba debe la alizeti na debe la maharage si uzito mmoja, na sado la unga halilingani na sado la mchele. Hakuna atakayekubali kubadilishana debe kwa debe. Ujuzi tunao tayari, tena wa zamani, ila tukifika kwenye kimiminika tunausahau, kwa sababu chupa ya maji imetuzoesha vibaya.

Uzito wa asali unatokana na sukari iliyomo. Asali iliyoiva, ambayo nyuki wameifunika kwa nta, ina maji karibu asilimia 17 au 18, na karibu yote iliyobaki ni sukari, hasa fruktosi na glukosi. Sukari inapoyeyuka ndani ya maji haichukui nafasi kubwa kulingana na uzito wake, hivyo kadiri sukari inavyozidi ndivyo kikombe kile kile kinavyozidi kuwa kizito. Kwa asali yenye maji asilimia 18, hesabu ya 1.42 ni ya kuaminika katika joto la nyuzi 20. Asali ikipata joto hutanuka na tarakimu hiyo hushuka, ila hata ikifika nyuzi 40 tofauti ni kama sehemu moja katika mia. Joto huigeuza asali kwa macho zaidi ya linavyoigeuza kwa mizani, kwa sababu linachobadilisha hasa ni wepesi wake wa kumiminika.

Sasa turudi kwenye keki. Kikombe cha Kimarekani, kile kilichokusudiwa na mwandishi wa resipe, ni mililita 236.6, na asali inayojaza kikombe hicho ina uzito wa gramu 336. Vikombe 12 ni kilo 4.03. Yeye alitia kilo 3. Alipungukiwa kilo 1.03, yaani robo na ushee. Katika kilo hiyo iliyokosekana mlikuwa na sukari za asali karibu gramu 846 na maji karibu gramu 186. Kwa kuwa resipe ina sukari nyeupe pia, upungufu wa sukari yote kwa pamoja ulikuwa chini kidogo ya moja ya tano, na ndiyo maana utamu haukumshtua mtu alipoonja makombo jikoni. Ukavu ndio uliozidi. Fruktosi huvuta unyevu na kuushikilia, kazi ambayo sukari nyeupe haiifanyi kwa kiwango hicho, na keki ya asali husifiwa kwa kukaa siku nyingi bila kukauka kwa sababu hiyo. Ukipunguza asali kwa robo, umepunguza kile kinachoifanya keki hiyo istahili kubebwa mlimani. Rangi hafifu nayo ina chanzo hicho hicho, kwa kuwa sukari za asali hubadilika kuwa kahawia mapema kuliko sukari nyeupe, na hapo zilikuwa chache.

Aliponipigia simu kunieleza, nilikuwa njiani, ndani ya basi. Nilielewa tatizo mara moja, nikamwambia, "Mama, asali zidisha kwa 1.42." Akajibu, "Ahsante mwalimu, nimeandika." Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yote. Sikumwambia azidishe nini ili apate nini. Nilimpa tarakimu tupu, isiyo na kipimo mbele wala nyuma, nikaridhika kwamba nimemsaidia. Ninaliandika hili wazi kwa sababu yaliyofuata yalitoka hapo.

Kwenye daftari lake aliandika "asali 3 × 1.42 = 4.26". Yeye mwenyewe alielewa kwamba 3 ni lita na 4.26 ni kilo. Safari hii hakwenda sokoni, alinunua dumu la lita 10 kwa mfanyabiashara anayeleta asali kutoka Singida, ili asipungukiwe tena. Asubuhi ya kuoka alikwenda kufuata mayai na kumwacha msaidizi wake aanze. Binti yule ni makini, ninamfahamu. Alipima unga na sukari vizuri, na alipofika kwenye asali, betri ya mizani ikaisha. Akatazama daftari, akaona 4.26 bila neno lolote pembeni, akatazama dumu lililoandikwa lita, akachukua jagi lenye mistari ya lita, akamimina lita nne na robo na tone la juu. Kila hatua aliyoichukua ilikuwa ya busara kwa mtu aliyekuwa na karatasi ile mkononi.

Lita 4.26 za asali ni kilo 6.05. Kilichohitajika kilikuwa kilo 4.03. Ukigeuza kuwa vikombe vya Kimarekani, aliingiza vikombe 18 mahali pa 12, nusu nzima ya ziada: kilo mbili zilizobeba sukari kilo 1.65 na maji zaidi ya theluthi ya lita.

Oveni yake huchukua keki nane kwa mara moja. Keki nane za kwanza ziliingia kwa nyuzi 175 kama kawaida, na kabla ya dakika 25 kutimia zilikuwa nyeusi juu, zimepasuka kandokando na kubonyea katikati. Alipochoma kijiti kilitoka na uji. Nilikuwa nimerudi mjini, akanipigia tena, sauti ikiwa imebadilika: "Shikamoo mwalimu. Oveni ni ile ile, unga ni ule ule, hesabu nimefuata yako. Mbona zimekuwa mkaa?"

Nilifika jikoni baada ya nusu saa, na ushahidi ulikuwa mezani wote. Jagi lilikuwa linanata hadi mstari wa juu, mizani ilikuwa safi na kimya, na kwenye dumu asali ilikuwa imeshuka hadi chini kidogo ya alama ya lita sita. Nikafungua daftari, nikaona mstari ule usio na kipimo, nikaelewa kwamba ni maneno yangu mwenyewe yaliyoandikwa kama nilivyoyatamka. Nikawaambia wote wawili hivyo hivyo, kwa sababu binti alikuwa amesimama mlangoni akingoja kulaumiwa.

Lililobaki lilikuwa beseni kubwa lenye rojo la keki 16. Mwenye jiko alitaka kulimwaga aanze upya, na ilikuwa karibu saa nane mchana, keki zikihitajika kesho yake alfajiri. Nikamwomba tupige hesabu kwanza. Rojo lililokuwa limebaki lilikuwa theluthi mbili ya rojo lote, hivyo lilikuwa na theluthi mbili ya kilo 6.05 za asali, yaani kilo 4.03. Hicho ndicho kiasi kamili cha asali kinachohitajika kwa mikupuo 12. Vitu vingine vyote vilikuwemo kwa kiasi cha mikupuo minane. Kilichokosekana kilikuwa mikupuo minne ya kila kitu isipokuwa asali: unga kilo 1.44, sukari gramu 400, mayai 12, mafuta vikombe viwili, chai vikombe viwili, na viungo vyake. Tukiviongeza, rojo la keki 16 zilizoharibika lingekuwa rojo la keki 24 sahihi, idadi ile ile ya oda.

Tulifanya hivyo, na tulifanya kwa tahadhari mbili. Asali ina asidi, na baikaboneti huanza kutoa hewa mara inapokutana nayo, hivyo rojo lililokaa kwenye beseni kwa zaidi ya saa moja lilikuwa limepoteza sehemu ya nguvu ya kuumuka. Kwa hiyo tulipoongeza unga mpya tuliuchekecha pamoja na beking pauda na baikaboneti zake, zaidi kidogo ya kile ambacho mikupuo minne ingehitaji, na tukagawa rojo kwenye makopo haraka. Tahadhari ya pili ilikuwa kutokoroga kupita kiasi, kwa sababu unga uliokuwemo ulikuwa umeshalowa na kukorogwa mara moja, na ukiurudia kwa nguvu keki huwa ngumu kama mkate. Tukashusha moto hadi nyuzi 160 na kuongeza muda. Keki zilitoka na rangi nzuri ya kahawia, na kijiti kilitoka kikavu. Hazikuumuka sana kama zile za nyumbani, na aliyezoea keki zake angeona tofauti kwenye kimo, ila zilikuwa laini na ladha ya asali ilikuwa mahali pake. Alizipeleka alfajiri, na nyumba ya wageni ikazipokea.

Jambo lililonisumbua baadaye halikuwa 1.42 tena, lilikuwa ni ile 3. Hata kama siku ile mizani ingewaka na binti angepima kilo 4.26 kwa usahihi, bado asali ingezidi kwa gramu 230, kwa kuwa lita tatu zilipatikana kwa kikombe cha mililita 250 wakati resipe ilikusudia cha mililita 236.6. Tofauti hiyo haifiki sehemu sita katika mia, na kwenye keki hii isingeonekana. Ila watu husema kwamba ukitumia kikombe chochote mradi kiwe kimoja mambo yatakuwa sawa, na kauli hiyo ni kweli kwa masharti. Ukipima kila kitu kwa kikombe kile kile, uwiano haubadiliki, unapata tu keki kubwa kidogo au ndogo kidogo. Ndiyo maana kwa miaka miwili hakupata shida. Unapogeuza unga kuwa gramu kwa jedwali la Kimarekani na asali kwa jagi la mililita 250, umechanganya vikombe viwili ndani ya keki moja bila kujua. Kuna hata kikombe cha zamani cha Uingereza cha mililita 284, na mwenye kufuata resipe ya bibi wa Kiingereza kwa jedwali la Kimarekani atakosea zaidi ya hapo. Kijiko nacho kina hadithi yake: kijiko cha chakula ni mililita 15 katika vitabu vingi, na asali inayokijaza ni gramu 21, ila nchini Australia kijiko hicho ni mililita 20. Swali la kwanza kwa resipe yoyote ya vikombe liwe hili: kikombe cha nchi gani?

Swali la pili ni asali ya nani. Tarakimu ya 1.42 ni ya asali iliyoiva ya nyuki wakubwa. Kiwango cha kimataifa cha Codex Alimentarius kinataka asali isizidi maji asilimia 20, na asali iliyo kwenye mpaka huo ina uzito wa karibu kilo 1.40 kwa lita. Asali iliyorinwa kabla nyuki hawajaifunika huwa na maji zaidi, huwa nyepesi, na huchacha upesi. Asali ya nyuki wadogo, ile chachu kidogo ambayo wengi wetu tunaijua kama dawa ya kikohozi, kwa asili yake ina maji mengi zaidi ya hapo bila kuwa imechakachuliwa na mtu. Ukitumia 1.42 kwa asali ya nyuki wadogo unajidanganya mara mbili, kwenye uzito na kwenye maji yanayoingia kwenye rojo.

Kwa sababu hiyo sikutaka kumwachia jedwali. Nilitaka ajue kupima asali yake mwenyewe, na njia ni rahisi kiasi kwamba haina udhuru. Tulichukua chupa ya jemu iliyokwisha, tukaiosha, tukaikausha na kuipima tupu: gramu 212. Tukaijaza maji hadi ukingoni kabisa, tukapima: gramu 712. Maji peke yake basi ni gramu 500, na chupa ina nafasi ya mililita 500. Tukaimwaga, tukaikausha vizuri, tukaijaza asali ya dumu lile la Singida hadi ukingo ule ule, tukaiacha dakika kumi mapovu yapande, tukaongeza tone, tukapima: gramu 922. Asali peke yake ni gramu 710. Gawanya 710 kwa 500, unapata 1.42. Ilikuwa asali nzuri. Mapovu si jambo la kupuuza, kwani asali iliyotoka kumiminwa hubeba hewa, na iliyoganda huacha mifuko ya hewa kati ya chembe zake, hivyo kikombe cha asali iliyoganda kinaweza kuwa chepesi kuliko cha asali ile ile ikiwa imeyeyuka. Arusha, ambako kuna baridi kuliko Moshi, waokaji hukutana na jambo hili kila Julai. Mwenye kupima kwa mizani haimhusu, gramu 336 za asali iliyoganda ni gramu 336 baada ya kuyeyuka.

Chupa hiyo hiyo tuliitumia kwa shira, kwa kuwa mama huyu huuza kaimati na visheti mwezi wa Ramadhani. Shira haina uzito mmoja hata kidogo. Sukari na maji kwa uzito sawa hutoa shira ya karibu kilo 1.23 kwa lita. Sukari sehemu mbili kwa maji sehemu moja hutoa karibu 1.33. Ukiiacha jikoni ikaendelea kuchemka, hupanda zaidi kila dakika. Hapa kipimo cha kikombe hakina maana kabisa, na njia iliyo bora ni kupima sufuria. Sukari haipai na mvuke, yanayopaa ni maji tu. Ukianza na sukari kilo mbili na maji kilo moja, na baada ya kuchemsha yaliyomo yakabaki kilo 2.7, unajua bila shaka kwamba sukari ni asilimia 74 ya shira hiyo, leo na kesho. Mtu anayefuata kipimajoto kilichoandikiwa watu wa pwani atapotea kidogo, kwa sababu Moshi ipo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 800 na maji huchemka hapa karibu nyuzi 97, Arusha chini ya hapo. Mizani haijali mwinuko.

Molasi nzito ya miwa hukaribia asali, kama 1.4. Maziwa matamu mazito ya kopo ni karibu 1.3, na mtego wake ni lebo: kopo lenye gramu 397 lina ujazo wa mililita 300 na kidogo tu, kwa hiyo anayelisoma kama karibu mililita 400 hushangaa kikombe chake cha pili kinapokosa kujaa.

Kuna upande wa fedha, ambao mwenye jiko aliuona kabla yangu. Mfanyabiashara mmoja huuza kwa kilo na mwingine kwa lita, na bei za wawili hao haziwezi kulinganishwa kama zilivyo. Tuchukue mfano: kilo shilingi 10,000 kwa mmoja, lita shilingi 13,000 kwa mwingine. Wa pili anaonekana ghali. Gawanya 13,000 kwa 1.42, kilo yake ni shilingi 9,155. Yeye ndiye wa bei nafuu, ilimradi asali yake ni ya 1.42 kweli. Ikiwa ni ya 1.35, kilo inafika shilingi 9,630, na sehemu ya tofauti hiyo ni maji anayoyanunua.

Resipe imeandikwa upya na kubandikwa ukutani. Neno kikombe halimo. Asali inasomeka "kilo 4.03 kwa keki 24", na chini yake "gramu 336 kwa keki 2", kila tarakimu ikiwa na kipimo chake kwa maneno, kwa mwandiko wa binti, ambaye alitaka aiandike yeye. Asali inamiminwa moja kwa moja ndani ya beseni lililo juu ya mizani iliyorudishwa sifuri, hivyo hakuna inayobaki imenata kwenye jagi. Betri za akiba zipo kwenye kopo la chumvi.

Wiki iliyopita mfanyabiashara wa Singida alirudi na madumu mawili, moja la nyuki wakubwa na moja alilosema ni la nyuki wadogo. Mama alitoa chupa ya jemu, akaijaza kutoka dumu la pili mbele yake, akasubiri mapovu, akaiweka mizanini: gramu 887. Akatoa 212, akapata 675, akagawa kwa 500. "Ni 1.35, ndugu yangu," akamwambia. "Hujanidanganya, ni ya wadogo kweli. Hii nipe lita mbili za kunywea chai. Ya keki nitachukua ile nyingine."